Waaborijini wadai usemi kuhusu takwimu zao

KUANZIA 1901 hadi kura ya maamuzi ya 1967, Katiba ya Australia iliagiza Waaborijini wasihesabiwe miongoni mwa wananchi. Leo wanahesabiwa kila uchao, ila hesabu yenyewe haiko mikononi mwao.

Takwimu za maradhi, vifungo na watoto wanaotenganishwa na wazazi hukusanywa na serikali, zikafasiriwa na serikali, kisha zikatumiwa kuwaamulia mambo. Ndiposa 2018 wasomi na viongozi wao, chini ya mwavuli wa Maiam nayri Wingara, walitangaza kuwa jamii husika ndizo zenye haki ya kuzisimamia.

Julai 2020, serikali ya kitaifa na zile za majimbo zilitia saini mkataba ulioahidi kuzifungulia jamii hizo takwimu za maeneo yao. Hata hivyo, Februari 2024 Tume ya Tija ya nchi hiyo ilibaini kuwa utekelezaji unasuasua, na kwamba serikali sharti ziachilie sehemu ya mamlaka yao.

Hapo ndipo penye kiini cha mvutano. Kijiji kisichojua idadi ya watoto wake walioacha shule kitadai walimu kwa msingi gani? Jamii isiyoruhusiwa kusoma daftari lake haiwezi kumhoji anayeliandika.