Mahindi ya Kajiado yahitaji daftari

Msimu wa mavuno uingiapo, wakulima huulizana swali moja tu: umepata magunia mangapi? Ajibuye kumi na mawili husifiwa, naye ajibuye sita huonekana mzembe. Swali hili, ijapokuwa limezoeleka, halitoshi kutuonyesha mkulima stadi ni yupi, hasa katika kaunti kame kama Kajiado.

Natuchukue mfano. Tuseme wakulima wawili wa Kitengela wana ekari moja moja. Wa kwanza ametumia shilingi 30,000 kwa trekta, mbegu, mbolea, dawa na vibarua, akavuna magunia 12. Wa pili ametumia samadi ya zizi lake na mbegu inayokomaa upesi, kwa gharama ya shilingi 9,000, akapata magunia 6. Gunia likiuzwa kwa shilingi 3,000, wa kwanza atabakiwa na shilingi 6,000, na wa pili shilingi 9,000. Aliyevuna nusu ndiye aliyefaidi zaidi! Isitoshe, mvua ikikatika kabla ya mahindi kubeba, hasara ya wa kwanza itapita ya mwenzake mara tatu na zaidi.

Hatari hiyo si ya kubuni. Miteremko ya Ngong na Loitokitok hubarikiwa mvua, lakini nyanda za Kitengela na Isinya zina mvua haba isiyotabirika. Hata hivyo, wapo wanaopanda mbegu chotara nambari 614, iliyokusudiwa nyanda za juu kama Trans Nzoia na ambayo huhitaji takriban miezi sita shambani. Mbegu ya Katumani, iliyozalishwa na watafiti karibu na Machakos katika miaka ya 1960, hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kupanda mbegu ya Kitale Kitengela ni kuichezea bahati nasibu kwa chakula cha watoto.

Yafaa basi tupime mambo matatu. Kwanza, mavuno yenyewe. Pima kipande cha mita 5 kwa 5, uvune, ukaushe, upukuchue na kuweka punje mizanini. Ekari moja ni sawa na vipande 162 vya namna hiyo. Kwa hivyo kilo 4 katika kipande ni kilo 648 kwa ekari, yaani magunia 7 na ushei ya kilo 90. Vipande viwe kadhaa, wala visichaguliwe penye mahindi yaliyonawiri pekee.

Pili, gharama. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa kuwa jasho la mama na watoto katika palizi halihesabiwi kamwe. Kila siku ya kazi iandikwe, hata kama hakuna aliyelipwa.

Tatu, mvua. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 4,000 za maji. Mkulima aliyepata kilo nyingi kwa kila milimita ndiye aliyeyatumia maji hayo vyema, ama kwa kupanda mapema, ama kwa kupalilia kwa wakati, ama kwa kukinga mtiririko kwa matuta.

Huenda msomaji akauliza: mkulima mdogo atapata wapi mizani, kipima mvua na wasaa? Jibu ni shuleni. Vyama vya 4-K vilianzishwa nchini mwaka wa 1962 ili watoto wajifunze ukulima kwa vitendo. Shule zilizoko kutoka Laiser Hill hadi Kitengela zina walimu wa kilimo na wa hisabati, na wanafunzi wengi wanaokariri maana ya tija bila ya kuipima hata mara moja. Wapewe kamba, mizani na daftari, waende kwa majirani wanaoridhia, wapime msimu baada ya msimu. Watajifunza wastani na asilimia, na jirani atapata hesabu asiyokuwa nayo.

Wako watakaosema kwamba mahindi si biashara bali ni ugali wa nyumbani. Naam, lakini ugali nao una bei. Gunia linalomgharimu mkulima shilingi 4,000 kulikuza, ilhali sokoni ni 3,000, linaipunguzia familia chakula. Daftari likionyesha hivyo mwaka hata mwaka, tuwe na ujasiri wa kukubali kwamba shamba lile lastahili maharagwe, mtama au nyasi za malisho.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu, mvua zijazo zisiwakute mkiwa bado mnaandika ubaoni tu.