Ukurugenzi si gari na semina tu

Waulize vijana wa chuo kikuu wangependa kuwa nani, na hukosi atakayekujibu bila kusita: "Mkurugenzi mkuu wa shirika lisilo la kiserikali!" Machoni mwake anaona gari kubwa, hoteli za Mombasa na semina zisizokwisha. Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mkurugenzi wa shirika dogo lenye wafanyakazi watano na vyumba viwili vya kukodi huko Kawangware ndiye karani, ndiye dereva, na maji yakikatika ndiye atafutaye mitungi. Asubuhi anamwandikia mfadhili ripoti, adhuhuri yuko kwa chifu akiwaombea watoto stakabadhi, jioni anahesabu risiti. Usiku, wa nyumbani kwake wakikoroma, yeye anawazia mishahara.

Hata waliovuma walipitia hayo. Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mnamo 1977. Alipopinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park mwaka wa 1989, shirika lake lilifurushwa kutoka ofisi za serikali lilimokuwa. Ikabidi kazi ihamie nyumbani kwake, mtaani South C. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka wa 2004, miaka 15 baadaye.

Siku hizi adui mkubwa ni mfuko kukauka. Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani aliposimamisha misaada ya nchi za nje, mashirika mengi humu nchini yaliambiwa yaache kazi papo hapo. Kufikia Julai 1 mwaka huo, USAID ilikuwa imekoma kutoa misaada. Aliyemtegemea mfadhili huyo pekee hakuwa na pa kushika.

Basi fedha zikikatika ndipo tabia ya mkurugenzi hujulikana, kwani vishawishi ni vingi. Cha kwanza ni makato ya wafanyakazi. Ushuru wa mapato uliokatwa kwenye mishahara hutakiwa kufika KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kuutumia kulipia ofisi ni kumkopa mtu asiyejua kwamba amekukopesha. Cha pili ni fedha zilizotolewa kwa jambo maalumu. Karo ya yatima hainunui petroli, hata ukiapa kuirudisha.

Cha tatu, nacho ndicho kibaya kuliko vyote, ni kunyamaza. Mfanyakazi mwenye watoto shuleni akiambiwa Septemba kwamba Desemba hakuna mshahara, atajipanga na mwenzake, atahamia nyumba ya bei nafuu, atatafuta kibarua. Akiambiwa mkesha wa Krismasi, umemtupa yeye na jamaa yake yote.

Ndiyo maana bodi isiwe ya mke, shemeji na binamu. Jamaa hukuonea haya, na anayekuonea haya hakuulizi pesa zilikokwenda. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024 badala ya ile ya 1990, inalitaka shirika liwe na usimamizi na liweke hesabu zake sawasawa. Lakini sheria haikai ofisini nawe saa mbili usiku ukiwa na kitabu cha hundi. Unaye mhazini mkali? Mshukuru, hata akikuudhi.

Na wewe, kijana unayekitamani cheo hicho, usingoje digrii. Omba uwe mhazini wa chama cha wanafunzi muhula huu, uone kama unaweza kukaa na pesa za wenzako huku mfuko wako u mtupu, usiziguse. Ukishinda hapo, shirika utaliweza.