Kituo Kisimfukuze Jirani

 Ndugu zetu Waislamu, leo twapenda kuzungumzia jambo ambalo huenda wengi wakalidhani ni la wahandisi na maafisa wa ardhi peke yao, nalo ni mpango wa mitaa inayozunguka vituo vya usafiri. Jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu, na limeketi nasi katika vikao vya mirathi.

Tangu Mei 2016 mabasi yaendayo haraka hupita Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake hufika Morocco na Kariakoo. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa nayo ikaanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam. Kituo kikijengwa, ardhi ya jirani hupanda thamani. Wataalamu hushauri kwamba mahali kama hapo watu wengi wakae ghorofani, na maduka, zahanati, shule na ofisi viwe chini au karibu, ili mtu amalize haja zake kwa miguu na asafiri bila ya kuhitaji gari lake.

Sisi hatulipingi hilo, wala si geni kwetu. Nyumba za Kariakoo, Ilala na Magomeni zilikuwa na vyumba pande mbili za ukumbi, ua nyuma, baraza mbele, na mara nyingi chumba cha mbele kikawa duka au mahali pa fundi cherahani. Mwenye nyumba na wapangaji wake walikaa chini ya paa moja, na mtoto aliyetumwa chumvi hakuvuka barabara kuu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipohamia Madina alijenga msikiti, kisha akawatengea Waislamu soko lao.

Lililo jipya ni bei. Twaletewa kesi nyingi za nyumba za urithi zilizo karibu na vituo. Dalali hubisha hodi. Mrithi mmoja ana madeni, mwingine anakaa mbali. Nyumba inauzwa upesi na fedha zinagawanywa. Ndipo kila mmoja hugundua kuwa fungu lake halitoshi kununua hata chumba katika mtaa uleule. Mama mzee hupelekwa Chanika au Kibamba, na yule aliyekuwa akienda kliniki kwa miguu sasa huamka alfajiri kugombania gari. Mahali pake huhamia mwenye gari lake. Basi kituo kile kimejengwa kwa ajili ya nani?

Huenda msomaji akasema: mwenye mali ana haki ya kuuza, na mrithi ana haki ya kupewa fungu lake. Ni kweli, wala sheria haimruhusu mtu kuzuia haki ya mwenziwe. Lakini kuuza kwa haraka si njia pekee ya kupata haki.

Mji wa Curitiba, nchini Brazil, ulianza kutenga njia za mabasi mwaka 1974 na kuruhusu majengo marefu kandokando yake, ukawa mfano kwa dunia. Hata huko ardhi ya karibu ilipanda bei, na wengi wa kipato kidogo wakakaa pembezoni. Kumbe ramani nzuri peke yake haitoshi. Hapa kwetu tunao mfano wa Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondoka katika nyumba zao za zamani, zikasubiri takriban miaka kumi, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa waliyotengewa warejee. Kusubiri kulikuwa kurefu, lakini walirudi palepale, karibu na kituo.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kupanua Msikiti wa Mtume, nyumba ya Abbas (r.a.) ilikuwa njiani, naye akakataa kuiuza. Walikwenda kwa Ubayy bin Ka'b, hukumu ikawa upande wa Abbas, ndipo Abbas akaitoa kwa hiari yake. Ikiwa kwa ajili ya msikiti ule mtu hakulazimishwa, vipi kwa ajili ya duka la ghorofani?

Kwa hiyo twawaomba wenye mamlaka, kila wapangapo mtaa wa kituo, watenge sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato kidogo, wawahesabu na wapangaji pamoja na wenye hati, na wampe nafasi mama lishe aliyekuwapo kabla ya kituo. Nanyi wenye familia, gawanyeni mirathi mapema na mshughulikie hati. Msitie saini karatasi ya dalali kabla ya kumwona mwanasheria na mthamini. Anayetaka kutoka, nduguze wapewe nafasi ya kwanza ya kununua fungu lake. Mkikubaliana, ingieni ubia na mjenzi, ardhi ikiwa ndiyo mtaji wenu, na mgawanyo wa ghorofa uandikwe mbele ya mashahidi. Nyumba ya wazee ikipanda juu, wajukuu na wabaki ndani yake.