USITIE KIDOLE KWENYE KARATASI YA MABWANA

Ndugu wafanyakazi wa machimbo ya mchanga na kokoto,

Juma hili karatasi imezungushwa mtoni. Nyapara huja nayo saa ya malipo, akasema, "Tia kidole hapa." Karatasi yenyewe yasema kwamba sisi wapakiaji twapinga kanuni za kulinda mito, kwa kuwa zatunyima kazi. Wengine wametia kidole kwa kuogopa kukosa zamu. Hatuwalaumu. Lakini yafaa tuulizane: karatasi hii imeandikwa kwa faida ya nani?

Mabwana wenye malori wasema eti mtu achague moja, kazi au maji. Huo ni uongo, nasi tutauonyesha kwa hesabu ya sepetu.

Mito mingi ya Ukambani haina maji juu ila siku chache za mvua. Maji yake yamo ndani ya mchanga. Mvua ikinyesha, mchanga hunywa. Jua likiwaka, mchanga hufunika. Ndiyo sababu mama zetu huchimba visima mtoni wakati wa kiangazi wakapata maji. Ndiyo sababu pia watu wa Machakos, Makueni na Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi.

Sasa tufanye hesabu. Chukua lori moja lenye meta 6 za ujazo. Nafasi iliyo kati ya chembe za mchanga huo, tukihesabu robo tu, yaweza kuweka lita 1,500, yaani mitungi 75 ya lita 20. Basi lori likiondoka, si mchanga peke yake uliokwenda Nairobi. Ghala ya mitungi 75 imevunjwa, na mvua ijayo maji yake hayana pa kulala. Mchana twashika sepetu; jioni twanunua maji kwa mwenye punda kwa fedha zile zile za kupakia.

Nayo kazi je? Mafuriko huleta mchanga mpya. Ukitwaa kiasi kilicholetwa, mto utakulipa tena mwaka ujao. Ukichimba mpaka mwamba, maji hupita mbio, kingo huanguka, na kazi imekwisha siku moja na maji. Siku hiyo bwana atawasha lori aende mto mwingine. Wewe huna lori. Utabaki hapo na sepetu yako na mwamba mtupu.

Na ndugu zetu wa kokoto, panapooshwa mawe kwa pampu? Maji safi yavutwa mtoni, maji ya tope yarudishwa mtoni, na walio chini ndio wanaoyanywa. Dawa yake si siri. Huchimbwa mabwawa matatu yakifuatana. Tope hutua chini, na maji yaliyotulia hurudishwa kuosha tena. Bwana husema ni ghali. Ghali kwa nani? Mabwawa yale huchimbwa mara moja, kisha huzolewa tope. Lakini mto ulioharibika walipwa kila siku na watoto wetu.

Wako wanaosema, "Njaa haingoji kanuni." Ni kweli, nasi hatumwambii mtu alale njaa. Lakini kanuni si adui ya mshahara. Adui ni bei ya kupakia ambayo ni ndogo hata inamlazimu mtu achimbe usiku na mchana. Mtu akilipwa haki kwa malori machache, hatahitaji kuumaliza mto.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010 yatupa haki ya maji safi na haki ya kazi yenye masharti mema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali pa kazi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yataka kibali kwa mwenye kuvuta maji kwa biashara. Makueni walipitisha sheria yao ya mchanga mwaka 2015. Lakini sheria bila watu wa kuidai ni karatasi tu.

Kwa hiyo twadai:
1. Bei ya kupakia ipandishwe, na iandikwe katika mapatano.
2. Kila mahali pawekwe alama ya kina, na asiamrishwe mtu kuchimba chini yake.
3. Mabwawa ya kutuliza tope yachimbwe kila panapooshwa kokoto.
4. Maji safi ya kunywa yawekwe kazini, si yale ya shimoni.
5. Asifukuzwe mtu kwa kukataa kuchimba mwambani.

Ndugu, maji yakimwagika hayazoleki, na kidole kikitiwa hakifutiki. Nyapara akija na karatasi, mwambie: "Nitaipeleka kwanza tawini ikasomwe." Mmoja akisema hivyo, atafukuzwa. Tukisema sote, lori halipakiwi.

Umoja ni nguvu.

Mpakiaji mwenzenu