UGONJWA WA MIKAKAO NA WAJIBU WA KARANI

Wanachama wengi wa chama chetu huandika kila siku amri ziendazo kwa wakulima. Yafaa basi tutazame nchi moja ambayo amri yake ilikuwa sawa kwa elimu, walakini ikazaa uchungu mwingi.

Katika mwaka 1936 mikakao yenye matawi yaliyovimba ilionekana mashariki ya Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu 1957. Mwaka 1938 kituo cha uchunguzi kilianzishwa Tafo, na baadaye mtaalamu A. F. Posnette akathibitisha ya kuwa ugonjwa huo ni wa virusi. Wauenezao ni wadudu wadogo weupe, kana kwamba wamenyunyiziwa unga, wanyonyao utomvu wa mti. Nao sisimizi huwatunza. Hata msufi waweza kuuficha ugonjwa huo. Dawa ya kuuponya mti haikupatikana, wala leo haipo. Njia iliyobaki ni kukata mti mgonjwa, na mara nyingi jirani zake pia, kwa maana mti waweza kuugua miezi mingi kabla ya alama kutokea.

Hapo ndipo penye shida. Mkulima aliamriwa kukata mti ambao ungali ukizaa, nao ndio karo ya wanawe. Kabla ya 1948 ukataji ulikuwa umekwisha kufanywa wa lazima, na wengi walidhani ni hila ya kuwanyang'anya mali. Machafuko ya Accra yalipotokea Februari 1948, Tume ya Watson iliutaja ukataji huo miongoni mwa manung'uniko ya watu. Kazi ikasimamishwa, wataalamu wa nje wakaitwa, nao wakakubali ya kuwa kukata ndiyo njia. Muda huo wote wadudu hawakupumzika. Miti zaidi ya milioni 200 imekwisha kukatwa, na ugonjwa ungalipo.

Twasema ya kuwa wachunguzi walijua kweli, lakini kweli hiyo haikumfikia mwenye shamba kabla ya panga.

Kwa hiyo twawaomba ndugu walio katika ofisi za kilimo na za wilaya: amri ya namna hii ikipita mikononi mwenu, iwe ya minazi, mikahawa au mikarafuu, msiitoe kama hati ya kodi. Mwelezeni mkulima kwa lugha yake. Mwonyesheni tawi lenye ugonjwa. Mwambieni malipo yake na siku ya kupanda miche mipya. Naye akisema aliyoyaona shambani, yaandikeni yafike kwa wachunguzi.

Samaki mmoja akioza wote huoza. Lakini mwenye kapu hatamtupa samaki wake asipoonyeshwa uozo.