Risasi ya kumkabili dubu

Katika misitu yetu hakuna dubu. Lakini huko Alaska, kaskazini ya Amerika, wako wengi. Walio wakubwa kabisa hukaa katika visiwa vya Kodiak. Dume aweza kupita kilo 600, na akisimama kwa miguu ya nyuma, urefu wake hufika karibu meta 3.

Mnyama kama huyo apigwe risasi gani? Wengi hudhani: ile yenye mbio kuliko zote. Sivyo. Risasi nyepesi yenye mbio nyingi, ikipigwa karibu, huvunjika vipande katika mafuta na mfupa wa bega, isifike moyoni wala mapafuni. Dubu aliyejeruhiwa hivyo hafi upesi. Hujificha kichakani, na mwenye kumfuata yumo hatarini.

Mwaka 1983 idara ya misitu ya Marekani ilitangaza majaribio ya bunduki yaliyofanywa Alaska kwa shabaha ya karibu. Bunduki ya .30-06, iliyo ya wawindaji wengi, ilionekana yafaa ikitiwa risasi nzito ya gramu 14. Iliyozishinda zote ni ya .458, yenye risasi ya gramu 33.

Lakini bunduki kubwa humsukuma mwenyewe begani kwa nguvu. Anayeiogopa hufumba macho, akakosa. Basi mwindaji achague risasi nzito, ngumu, katika bunduki aliyoizoea. Haraka haraka haina baraka, hata kwa risasi.