Tangi la Lita 40 Si la Anayeanza

Makala iliyowashauri wanaoanza kufuga samaki wa baharini wanunue tangi la lita 40, kwa hoja kwamba ni rahisi kulimudu, imewapotosha. Urahisi huo ni wa bei tu. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki. Tangi la lita 40 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita likipungukiwa lita 2, chumvi hukaribia gramu 37. La lita 200, hata likipoteza lita 4, halifiki 36. Amonia ni hatari zaidi: samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe usiku, lita 40 zaweza kuwa sumu kabla mwenyewe hajaamka, ilhali maji mengi huizimua na kumpa muda wa kuyabadilisha.

Mzoefu anayepima maji kila siku ataliweza tangi dogo. Mgeni hajui hata apime nini. Tena samaki wengi wa aina hii hawazalishwi kwa ufugaji. Huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, ya pwani ya Kenya ikiwemo. Anayekufa tangini ametolewa baharini bure.

Kama fedha hazitoshi kununua la lita 200, subiri uweke akiba. Dogo usinunue.